Wifi wa Mkononi na Mke Mwenza Mkubwa

Kitendawili! Hanawi, hali, hashibi, lakini kila mlo yumo.

Ungewatega hicho watoto wa Ujiji wa miaka hiyo, wasingekuacha hata uvute pumzi. Wangekurukia kwa pamoja: Wifi!

Wazee wanasimulia kwamba zamani wifi ilikuwa kitu cha kwenye simu. Hakionekani, hakishikiki, na watu wanakiomba kwa jirani kama wanavyoomba chumvi. Wifi mwingine, dada wa mume, huyo yupo tangu dunia iumbwe na hahitaji maelezo. Basi huyu wa sasa alikuwa wote wawili kwa mpigo. Ilikuwa bangili nyeupe, nyepesi kama ganda la kitunguu, ambayo kila mwanamke mwenye mimba alivishwa siku aliyokwenda kujiandikisha. Jina lake la kiserikali lilikuwa Mwangalizi wa Lishe ya Mama na Mtoto Aliye Tumboni. Nani ana pumzi ya kulitamka hilo akiwa na mimba? Wanawake walimtazama anavyokaa nao kwenye sinia kwa adabu, kisha anakwenda kuwasema huko juu, wakatikisa vichwa. Ah, huyu tunamjua. Huyu wifi.

Wifi wa nyumba ya Bi Mwamvua alikaa mkononi mwa mjukuu wake, Sikudhani. Mimba ya Sikudhani ilikuwa imefika pale ambapo tumbo linaingia mlangoni kwanza, mwenyewe anafuata.

Mchana mmoja walikuwa wameketi jikoni, sinia katikati. Kulikuwa na ugali wa muhogo, mweupe pe, na sombe, yaani kisamvu, iliyopondwa ikalainika, ikaungwa mawese mpaka ikang'aa, na dagaa wa kukaanga ambao Yasini, mume wa Sikudhani, alikuwa amewaleta kutoka Kibirizi. Yasini alikuwa fundi wa vioo vikubwa vya jua vya kukaushia dagaa, na harufu ya kazi yake ilimtangulia nyumbani kama tumbo lilivyomtangulia mkewe.

"Kula, mke mwenzangu," Bi Mwamvua akasema, akimsogezea dagaa. "Usiponenepa, mume wetu atadhani nakunyima."

Bangili ikawaka kijani. "Samahani kwa kuingilia," Wifi akasema, kwa ile sauti ya upole kama ya mtangazaji wa vifo redioni. "Mke mwenza ni nani?"

"Ni mimi hapa."

"Mkubwa au mdogo?"

Bi Mwamvua, mdomo umejaa sombe, akacheka mpaka akapaliwa. "Mkubwa! Tena mkubwa sana!"

"Ahsante. Nimeandika."

"Bibi!" Sikudhani akasema. "Huyu hajui utani."

"Atajifunza. Amekuja mwenyewe kwenye nyumba ya watu."

Wifi hakuwa mjinga, tusimsingizie. Alinusa mvuke wa chakula kilipokaribia mdomo, akajua hiki ni dagaa, hiki ni sombe, na mawese yamepita kiasi gani. Alisoma jasho, na chini ya ngozi alisikiliza damu inavyopita, kama mtu aliyetega sikio kwenye bomba la maji. Kila mlo ulipokwisha alitoa alama. Lakini siku hizo alikuwa na jambo linalomsumbua.

"Mama, umekula vizuri," akasema. "Sombe, alama kamili. Dagaa, alama kamili. Damu, hairidhishi. Hesabu haikubali."

"Hesabu huwa hazikubali," Bi Mwamvua akamjibu. "Ndiyo maana mimi niliacha shule."

Wifi akazima taa yake kujipumzisha. Hapo Sikudhani akamtazama bibi yake, bibi akatazama dari, kisha taratibu akafungua fundo kwenye pindo la kanga. Humo mlikuwa na vipande vya pemba, ule udongo laini wa kutafuna, mweupe wenye wekundu kwa mbali, unaouzwa sokoni kwa wanawake wenye mimba tangu enzi za bibi wa bibi yake.

Sikudhani alikipokea kipande kama mtu anayepokea tende jua likishazama Ramadhani. Akakinusa kwanza. Kilinukia mvua ya kwanza inavyopiga ukuta wa udongo uliokauka, na harufu hiyo ilimshika kooni ikamvuta. Akakitia mdomoni. Kruu, kruu.

Bangili ikaamka. "Nasikia changarawe. Mama anatembea. Mazoezi mazuri," Wifi akasema, akaongeza alama, akalala tena.

Maana ndani ya Wifi mlikuwa na vyakula vyote vya duniani. Senene walikuwemo, kumbikumbi walikuwemo, hata konokono wa kwa watu wengine. Lakini waliomtengeneza walimfundisha chakula, na udongo si chakula. Kwa hiyo hakuujua.

"Bibi," Sikudhani akasema, meno yamebadilika rangi, "uliapa hutamwambia mtu."

"Nilikula kiapo, mjukuu wangu, na kiapo changu nakijua."

Taa ya kijani. "Samahani. Mke mwenza amekula nini?"

"Kiapo!"

"Sina chakula hicho. Ni cha nafaka au cha mizizi?"

*

Hofu yao ilikuwa Makao ya Ngojea.

Makao yalikuwa kwenye vilima vya Kasulu, na hakuna aliyewahi kusema yalikuwa mabaya. Mashuka meupe, madaktari wapole, chakula kinachopimwa mpaka kijiko cha mwisho. Mjamzito ambaye damu yake ilipungua mno alipelekwa huko akakaa hadi ajifungue. Lakini mume aliishia getini, na bibi hakukaribia hata geti. Wanasema sababu ni bibi mmoja aliyekutwa amemfungia mjukuu wake kichuguu kizima ndani ya mtandio. Tangu hapo aliyeruhusiwa kuandamana na mjamzito ni mama yake, dada yake, wifi wa nyama na damu, au mke mwenza.

Sikudhani hakuwa na dada. Yasini kwao alizaliwa peke yake. Na mama yake Sikudhani alikwenda kumzaa, akabaki huko huko; kilichorudi nyumbani ni mtoto, amefungwa ndani ya kanga ya Bi Mwamvua. Tangu siku hiyo wawili hao walikuwa ulimi na mate.

"Nikienda huko peke yangu nitakufa," Sikudhani alisema kila mara, na katika kinywa chake neno hilo halikuwa la mzaha.

Kwa hiyo Bi Mwamvua aliendelea kufunga pemba kwenye pindo la kanga. Mimba ikimtuma mtu, atafanyaje? Naye alipokuwa na mimba alitafuna, na jirani yake alitafuna, na hakuna aliyevishwa bangili.

Mpaka ikaja ile Ijumaa.

Sikudhani alikuwa anamega ugali. Akamega tonge, akalifinyanga kiganjani, akanyoosha mkono kuelekea bakuli la mchuzi. Bi Mwamvua akatazama ule mkono na tonge lake, na kwa nukta moja hakujua ugali unaishia wapi na kiganja kinaanzia wapi. Vilikuwa rangi moja.

Tonge lake mwenyewe likamwanguka. Viganja vya namna hiyo alikuwa ameviona mara moja tu maishani, na mwenye navyo alikuwa akimuaga kwa furaha, akisema nitarudi Jumatatu, mama.

"Leo hakuna pemba," akasema.

"Bibi!"

"Nimesema hakuna."

"Si mimi, Bibi, ni mimba inanituma."

"Mimba inatuma, lakini miguu inayokwenda ni yako."

Sikudhani akalia machozi ya kweli, kamasi na kila kitu, kama alivyokuwa akililia titi lisilokuwepo akiwa mdogo. Kuona hayo, Bi Mwamvua akaanza kulegea. Mkono ukashuka kwenye pindo la kanga. Hapo hapo mlango ukabishwa hodi.

*

Aliyeingia alikuwa Nesi Domitila, msichana mrefu wa kutoka milimani, viatu vimejaa vumbi na uso umejaa wajibu. Yasini alikuwa nyuma yake. Alikuwa ameitwa kutoka kazini, kibarakashia kimekaa upande na magamba ya dagaa yamemganda kwenye ndevu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu chakula."

"Ahsante, nimekuja kwa ajili hiyo hiyo." Nesi akaketi ukingoni mwa mkeka, hakujua aanzie wapi. "Tumepata taarifa kutoka kwa mwangalizi wa dada Sikudhani. Inasema ... inasema katika nyumba hii kuna mke mwenza mkubwa."

"Yupo," akasema Bi Mwamvua.

"Yuko wapi?"

"Unaongea naye."

Nesi akamgeukia Yasini taratibu. Akamtazama mume, akamtazama bibi asiye na meno ya mbele, akamtazama mume tena.

"Dada nesi, usinitazame hivyo!" Yasini akaruka. "Huyu ni bibi mkwe wangu!"

"Unanikana mbele ya wageni, mume wangu?" Bi Mwamvua akajishika kifua. "Juzi tu umeniletea dagaa."

"Bibi, nakuomba ..."

"Tena waliochaguliwa!"

Nesi Domitila akajikaza, akashindwa, kicheko kikamtoka puani. "Ni utani wa bibi na mjukuu. Hata bibi yangu mimi aliniita mke mwenzake mpaka anaingia kaburini." Akafuta macho. "Haya, hilo nitalifuta kwenye kumbukumbu nikirudi ofisini. Lakini Bibi, liko jingine ambalo si utani. Wifi, hebu waambie."

Bangili ikawaka, safari hii rangi ya machungwa. "Chakula kinafika mdomoni mwa mama, chote, kwa alama kamili. Madini yaliyomo hayafiki kwenye damu. Katikati kuna mtu. Nimefikiri sana. Ninamshuku mke mwenza mkubwa."

"Kwamba nafanyaje?" akauliza Bi Mwamvua.

"Kwamba mama anasogeza tonge mdomoni, nami nanusa, kisha mke mwenza analipokonya na kulila."

Yasini akafunika uso kwa kibarakashia.

"Najua inachekesha," akasema Nesi, ingawa sasa hakucheka. "Lakini chakula kinakwenda wapi? Iko hivi. Kama kuna mtu mzima anayemlia mjamzito chakula chake, mtu huyo huhama nyumba mpaka mtoto azaliwe, na mama hubaki hapa hapa. Kama hakuna, basi ni ugonjwa tusioujua, na dada Sikudhani anakwenda Makao leo. Gari liko nje. Bibi, nakuuliza kwa heshima. Ni wewe?"

Nje, kuku wa jirani alikuwa akitangaza yai.

Bi Mwamvua akamtazama mjukuu wake, na macho ya Sikudhani yalikuwa yakisema kwa sauti kubwa kuliko kuku: kubali, Bibi. Sema ndiyo. Ungehamia kwa jirani tu, hatua chache, na mimi nisingekwenda popote.

Lilikuwa jambo jepesi. Neno moja, na kiapo kingebaki salama na siri kubaki siri. Lakini sokoni pemba ingeendelea kuuzwa, na Sikudhani angebaki humu peke yake na njaa yake ya udongo, na yule Wifi angeendelea kumpa alama za kutembea. Na vile viganja?

Akisema kweli, amevunja kiapo, na mtoto aliyemlea kwa maji ya mchele anapelekwa kule kwenye vilima mikono mitupu, bila mtu wa kwao hata mmoja. Akinyamaza, Jumatatu nyingine kama ile inakuja. Bi Mwamvua akajaribu kufungua mdomo, ukagoma. Kiapo ni kiapo.

Ila kitendawili si kusema. Tangu lini kutega kukawa kusema?

Akakohoa. "Kitendawili!"

Wakatazamana. Nesi Domitila ndiye aliyejibu, maana mtoto aliyelelewa na bibi hawezi kuliacha neno hilo lining'inie hewani. "Tega."

"Leo namla, kesho atanila."

"Bibi, huu si wakati wa ..." Yasini akaanza.

"Wewe jibu, au una lako la kuficha?"

Yasini akafikiri. "Mke?"

"Utalala nje. Nesi?"

"Samaki? Hapana. Simba?"

"Nani wa kwenu amewahi kumla simba? Haya, Wifi, wewe mwenye akili ya umeme."

Bangili ikazungusha taa zake kwa muda. "Jibu ni mamba. Mtu anaweza kumla mamba. Mamba anaweza kumla mtu."

"Mamba niliyemla leo atanilaje kesho, atokee tumboni? Mmeshindwa wote. Nipeni mji."

"Kasulu," akasema Wifi, ambaye alikuwa na mji huo karibu.

"Nimekwenda Kasulu," akaanza Bi Mwamvua, na sauti yake, iliyokuwa ya mchezo, ikapungua nguvu. "Nimekwenda Kasulu, wenye mji wakanipokea, wakaniuliza, Bi Mwamvua, mbona umekuja peke yako? Yule binti yako mwenye viganja vyeupe yuko wapi? Nikawaambia, huyo alishaliwa. Wakaniuliza, na binti yake je?"

Alikuwa anatazama sinia.

Sikudhani naye alikuwa anatazama, lakini si sinia. Alikuwa amekifungua kiganja chake juu ya goti, kama mtu anayesoma barua. Kisha akasema, polepole, kama anayejibu darasani jambo asilotaka kulijua:

"Udongo."

"Samahani?" akasema Wifi.

"Leo namla, kesho atanila. Udongo. Nakula udongo, Wifi. Kila siku. Zile changarawe zako ni mimi natafuna pemba." Akageukia Nesi. "Bibi hakusema. Nimesema mimi."

Bi Mwamvua akafungua pindo la kanga, akamwaga vipande vyote kwenye sinia, kando ya sombe.

Wifi akanusa. Taa zake zikazunguka tena na tena. "Hesabu imekubali," akasema, na unaweza kuapa kulikuwa na furaha ndani yake. "Ninafuta alama za mazoezi."

Nesi Domitila akachukua kipande, akakivunja. "Dada yangu, madini ya damu yakishuka na sombe tumboni, udongo huu unayadaka kabla damu haijanawa mikono. Na kadiri damu inavyopungua, ndivyo hamu ya udongo inavyoweza kuzidi. Wewe na udongo mnazunguka pamoja."

"Kumbe ndiye huyo," akasema Bi Mwamvua, akikitazama kile kipande kwa chuki mpya. "Siku zote nimemlea mke mwenza wa kweli kwenye pindo la kanga yangu."

*

Kwenda Makao kulikuwa pale pale. Damu haikuwa ya kusubiri, na hilo hata Yasini alilikubali huku akifunga begi na kusahau nusu ya nguo. Sikudhani alisimama mlangoni, tumbo mbele, ameshika nguzo.

"Nitakwenda," akasema. "Lakini niende na nani?"

Nesi Domitila akatazama chini. Sheria ya mabibi hakuitunga yeye.

"Anayeruhusiwa kuandamana," Wifi akasema bila kuulizwa, kama ilivyo desturi ya mawifi, "ni mama, dada, wifi, au mke mwenza. Kumbukumbu zinaonyesha mke mwenza mkubwa yupo. Nilimshuku kwa makosa, namwomba radhi. Anaruhusiwa. Nimwandikishe?"

Yasini alimtazama Nesi. Nesi alilitazama gari, akautazama mkono wa Sikudhani uliokamata nguzo, weupe juu ya mti mweusi.

"Dada nesi," akasema Yasini kwa woga, "si ulisema utalifuta?"

"Nilisema nikirudi ofisini," akajibu Nesi Domitila. "Nimerudi?"

Basi Bi Mwamvua alikuwa ameshavaa ndala. "Mume wangu," akamwambia Yasini, "wake zako wote wawili tunasafiri. Sombe imo chunguni. Ukiunguza chungu changu, nadai talaka."

Nesi alimpekua mapindo ya kanga, yote mawili, mara mbili, naye hakulalamika.

Getini Makao hakukuwa na mlinzi wa kuzaliwa na mama. Kulikuwa na sauti, dada yake Wifi kwa namna ilivyosema. "Karibuni. Anayeandamana ni nani?"

"Mke mwenza," akasema Sikudhani.

"Mkubwa au mdogo?"

Hapo Bi Mwamvua angesema neno moja akapita. Lakini mdomo wa utani hauna mlango. "Mwanangu, huoni? Mtu aliyekula chumvi nyingi kama mimi atakuwa mdogo?"

Geti likatafakari. "Chumvi nyingi. Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe!"

"Pole sana. Nimeandika."

Geti likafunguka. Wakaingia wameshikana mikono, wakicheka, na Bi Mwamvua hakujua kwa nini Nesi Domitila, aliyebaki nyuma, alikuwa amejipiga kofi la paji la uso.

Alijua chakula kilipoletwa. Sikudhani aliletewa maini, mchicha na ndimu ya kukamulia. Bi Mwamvua aliletewa ugali, samaki wa kuchemsha na mboga, navyo vyote havikuwa vimepitiwa na chumvi hata kwa bahati mbaya. Akalalamika, akaeleza, akafafanua msemo kwa mpishi, kwa daktari na kwa ukuta. Wote walisikitika naye. Afya kwanza, mke mwenza mkubwa.

Wiki zikapita hivyo. Sikudhani alilia hamu ya pemba, kisha akainung'unikia, na asubuhi moja mvua ikanyesha juu ya vilima, ikanukia ile harufu, naye akainusa tu, akaomba uji wa pili. Mchana alipomega ugali, Bi Mwamvua akatazama mkono wake ukielekea bakuli, kama alivyokuwa akitazama kila siku bila kusema. Tonge lilikuwa jeupe. Kiganja kilikuwa kimeanza kujitenga nalo, wekundu kwa mbali, kama maji yaliyooshewa hina.

Bi Mwamvua akameza tonge lake lisilo na chumvi, ili apate sababu ya macho kulengwalengwa.

"Vipi, mke mwenzangu," akauliza Sikudhani, akitabasamu, "chakula kikoje leo?"

"Kitamu," akasema Bi Mwamvua. "Wallahi, kitamu sana."

Bangili ikawaka kijani.

"Nimeandika," akasema Wifi. "Utaongezewa."